Ogeto Atangazwa Mwovu

Momanyi,

Ogeto ni mwovu. Amesema hivyo binti yako Kemunto, Jumapili iliyopita mchana, akiwa ameketi kwenye kiti chako dukani, mbele yangu, mbele ya Salim, na mbele ya Abuga mwenyewe. Hakuomba samahani. Abuga aliiweka karatasi ya mhusika wake mezani, akavaa kofia, akatoka bila kumaliza chai.

Najua unavyosoma habari: unaruka hadi mwisho kutafuta nani ameshinda. Kaa kwanza. Nitakueleza kwa utaratibu, hata yale unayoyajua, maana nimefanya kazi hii muda mrefu mno kuanza leo kumwacha msomaji njiani, hata akiwa marehemu.

Kwanza ya nyumbani. Mama Kemunto hajambo, yuko Birongo. Migomba iliyo karibu na kaburi lako imezaa kuliko yote shambani. Majirani wana maelezo yao. Lenye heshima zaidi ni kwamba mtu aliyekuwa na maneno mengi kiasi kile lazima angekuwa mbolea nzuri. Siku ya mazishi Abuga alikutukana kidogo pale kaburini, kama rika wanavyoruhusiwa, na mchungaji akajifanya anatafuta ukurasa.

Duka la fotokopi linaendelea. Kemunto ameiuza ile mashine yako iliyokuwa ikila karatasi, ile uliyokuwa ukiipiga teke ubavuni kabla ya kuiwasha. Nilikuwepo ilipoondoka kwenye mkokoteni. Niligeuka nikatazama ukuta. Sijui kwa nini. Ilikuwa mashine mbaya, nilikwambia mara nyingi.

Sasa mchezo.

Ulianza, kama unavyokumbuka, kwa kitabu cha mteja. Kijana wa chuo alileta kitabu cha Kiingereza kitolewe nakala, akasema anarudi baada ya chakula cha mchana. Hajarudi mpaka leo. Wewe ulikisoma ukimngoja, ukakimaliza, kisha ukatuita: Abuga kutoka kwenye shamba lake la chai Nyamira, Salim kutoka kwenye duka lake la vitambaa, na mimi kutoka mahakamani. Ukatueleza kwamba kila mmoja atabuni mtu, atampa nguvu na udhaifu, na wewe Mwenye Meza utasimulia dunia anamoishi. Sisi tungesema watu wetu wanafanya nini, na dadu zingeamua kama wameweza. Salim akauliza kama kuna mpira ndani yake. Ukasema hapana. Akakubali hata hivyo, maana Jumapili soko lilikuwa limelala.

Ukachagua Jumapili kwa sababu Jumamosi ilikuwa Sabato yako. Abuga alikuja baada ya misa, Salim baada ya sala ya adhuhuri. Na ukaamua tucheze kwa Kiswahili. Ulisema kwa Ekegusii matusi yana mizizi, yanaweza kuota nyumbani kwa mtu. Kwa Kiswahili ni ya kuazima, jioni unayarudisha.

Kitabu kile kilitaka kila mchezaji aandike mwanzoni kabisa tabia ya mhusika wake: mwema, wa katikati, au mwovu. Wewe ulipafuta kwa mstari. "Tabia haiandikwi na mwenyewe," ulisema. "Wewe Ripota, umewahi kuona mshtakiwa akijiandikia hukumu?" Nilikwambia nimewaona wengi wakijaribu, na wote waliandika mwema. Basi ukaweka sheria ya meza yetu: pale pa tabia huachwa wazi, meza itabishana, na Mwenye Meza ndiye atakayetangaza. Atakayetangazwa mwovu hatakuwa tena wa mchezaji. Atakuwa wa Mwenye Meza, aje atushambulie na sisi wengine.

Sheria kali. Hukuitumia hata mara moja. Mwizi wa Salim alichoma kijiji, kwa bahati mbaya alisema, na wewe ukasema upepo ulikuwa mkali. Mlinzi wangu wa kivuko alimwacha mfalme azame kwa sababu alikuwa amenijibu vibaya, ukasema mto nao ulichangia. Tulidhani ni huruma. Abuga alisema ni uvivu. Mimi nadhani ulikuwa rika letu tu, na hukutaka kumpoteza mtu wa kutukanana naye. Maana hapo ndipo ulipokuwa bingwa. Ulipokuwa jambazi ulimwita Abuga mwenye kichwa kama kibuyu cha kuazima, na Abuga akarukia panga lake kwa furaha.

Ulipokufa tuliketi dukani, watatu, tukakubaliana kufunga. Salim alikwisha kuzikusanya zile dadu zako za mawe ya sabuni. Kemunto akatoka nyuma alikokuwa akipanga karatasi, akasema anaomba kiti. Alisema alikuwa akisikiliza tangu darasa la tano. Dunia yote anaijua, na milima aliyoichora baba yake hawezi kuiacha ikae bila watu.

Abuga alimtazama muda mrefu. "Tutajaribu mpaka mavuno ya mahindi," alisema. "Lakini ikiwa ni mchezo wa watoto, mimi nitabaki na chai yangu. Na mimi nikiondoka, hawa nao wataondoka." Ilikuwa kweli. Bila Abuga hakuna meza, na Kemunto alilijua hilo tangu siku ya kwanza.

Tatizo lilijitokeza kikao kile kile. Hakuna kati yetu aliyekuwa amelifikiria, na tungekuwa watu wa kwingine lisingekuwepo. Ni chinsoni. Heshima ile ile uliyomlea nayo, inayomfunga mtoto mbele ya wazazi na rika lote la wazazi: usiseme neno chafu, usitukane, usimtazame mzee machoni ukimpinga. Wewe ulikuwa rika letu, ungeweza kutuita chochote. Yeye ni binti yetu, humwita Abuga Tata, yaani baba. Na Mwenye Meza ndiye sauti ya kila adui.

Jambazi wa kwanza wa Kemunto alitoka msituni na watu wake na mapanga yao, akasimama mbele ya Abuga, akasema: "Hamjambo wazee. Samahani kwa usumbufu. Tulikuwa tunaomba ng'ombe, kama haitawatatiza."

Salim alicheka mpaka akalaza kichwa mezani. Abuga hakucheka. "Tumekuja kuibiwa," aliuliza, "au tumekuja kuposwa?"

Ikaendelea hivyo. Kulikuwa na mchawi anayekula mioyo ya watu, alitukaribisha chai kwanza, akauliza kama tumeacha nyumbani salama. Kulikuwa na mkuu wa jeshi aliyetangaza vita huku akiwa amekaza macho kwenye magoti yake. Salim akashauri Kemunto azungumzie nyuma ya mashine mpya, ili asituone. Akajaribu. Joka likatukana vizuri ajabu kutoka nyuma ya mashine. Sikujua anayajua maneno yale, na wewe usingependa kujua aliyatoa wapi. Kisha joka likarudi kitini, likashindwa kwa aibu kumpa Abuga sukari. Chai ilipoa mkononi mwake.

Siku moja alinisindikiza mpaka stendi ya magari ya Kiogoro. "Auntie, mdomo unagoma," aliniambia. "Nikimwangalia Tata Abuga namwona yule aliyenivusha mto mgongoni nikienda shule. Nitamwitaje mbwa? Na nisipomwita mbwa, ataenda zake. Baba alifanyaje?"

Nilimwambia ukweli, kwamba baba yake hakuwahi kuvushwa mto na Abuga.

Mahindi yalikuwa yameanza kukauka, na Abuga alikuwa ameanza kutazama saa mchezo ukiendelea. Hapo ndipo ilipofika Jumapili iliyopita.

Ogeto wa Abuga unamjua: mpiganaji, bwana wa ngome ya mlimani, Abuga amekaa naye tangu mwanzo na anamzungumzia kama mtu anayemzungumzia fahali wake. Ngome ilihitaji handaki kuizunguka. Ogeto akaita risaga, kama ambavyo yeyote kati yetu angeita. Watu wa mabonde wakaja na majembe kumchimbia bila malipo, nao kwa desturi wakimaliza watalishwa na mwenye kazi. Kemunto anajua kuipika hadithi. Alitueleza masufuria yaliyokuwa ndani ya lango, ugali wa wimbi, mboga ya chinsaga iliyolala na maziwa usiku kucha, mpaka Salim akauliza kama kuna chochote dukani cha kutafuna.

Kisha vumbi likaonekana bondeni. Adui.

Abuga akafanya anachofanya siku zote, akafikiri kwa kasi. Lango lifungwe. Wachimbaji wabaki nje, hakuna nafasi. Chakula kitunzwe kwa askari, maana kuzingirwa kutakuwa kwa muda mrefu. Mpaka hapo hakuna aliyesema neno. Vita ni vita, tumefunga malango mengi.

Kemunto akauliza, kwa adabu zake zote: "Tata, na wale walio nje, Ogeto anawaambia nini?"

Abuga hakuinua uso. Alikuwa akizungusha dadu kiganjani. "Awaambie waendelee kuchimba. Chakula kinakuja."

"Na kinakuja?"

"Hakiji. Lakini wakijua hakiji watakimbia, adui afike langoni mapema. Wakibaki watamchelewesha."

Akarusha. Dadu zikampendelea. Wachimbaji wakabaki. Wakaendelea kuchimba, alisema Kemunto, na mara kwa mara mmoja wao alikuwa akiinua kichwa kutazama lango, akinusa. Adui akawakuta hapo. Ngome ikaokoka.

Momanyi, hakuna hata mmoja aliyempongeza Abuga.

Halafu tukabishana kama zamani, mpaka fundi viatu wa mlango wa pili akaja kuuliza kama kuna kesi ya shamba. Nitakupa hoja zote kwa haki. Abuga alisema ameokoa kila mtu aliyekuwa ndani, wakiwemo watoto, na kwamba sisi tunalilia sufuria. Kwa mujibu wa kitabu, alisema, mwovu ni anayeumiza watu kwa faida yake mwenyewe, na Ogeto hakupata hata kijiko. Mimi nilisema nimekaa mahakamani miaka mingi, nimeona kuua kukipewa majina mengi kulingana na sababu, na kwamba sababu ya Ogeto haikuwa mbaya. Nilisema pia kwamba pamoja na hayo tumbo langu linakataa, na kwamba tumbo si ushahidi. Salim akasema: "Mimi kwenye meza hii nimeua watu kuliko malaria. Lakini hakuna hata mmoja niliyemwahidi ugali."

"Ni mchezo tu, Kemunto," Abuga akasema. "Sema upepo ulikuwa mkali, tuendelee."

Kemunto alikuwa ameangalia mikono yake muda wote. Nilidhani atasema upepo. Mtu yeyote mwenye adabu angesema upepo.

Akasema hivi; niliandika alipokuwa akisema, kwa mazoea: "Ogeto angewalazimisha wabaki, ningesema ni mkali. Angewafukuza bila chakula, ningesema ni mchoyo. Lakini walibaki kwa sababu wamelelewa vizuri. Wanajua mtu aliyekuita risaga akisema chakula kinakuja, kinakuja. Hakuwafunga kwa kamba. Aliwafunga kwa malezi yao. Kuua wote humu mmeua. Huyu amechukua kitu kizuri walichokuwa nacho watu wale akakifanya mtego, na kesho hakuna atakayemwamini jirani akiita. Ogeto ni mwovu. Ni wangu sasa."

"Unajua unazungumza na nani?" Abuga akauliza, na hakuuliza kwa Kiswahili.

"Najua, Tata," akajibu. Alikuwa anamtazama machoni. "Ndiyo maana nimesema Ogeto. Sijasema wewe."

Hapo ndipo karatasi ilipowekwa mezani na kofia ikavaliwa.

Kemunto aliosha vikombe vyote, hata vile ambavyo havikutumika. "Nimemfukuza rafiki wa baba," alisema akiwa ametugeuzia mgongo. Salim akaanza kusema maneno ya kufariji, nikamkanyaga mguu. Nilimwambia binti yako kwamba hukumu ilikuwa na sababu, na kwamba Abuga ametoka kwa miguu yake mwenyewe. Hakufukuzwa na mtu. Kama atarudi au hatarudi, hilo nilikuwa silijui, na sikutaka kumdanganya.

Katikati ya wiki nilikuwa na habari ya kuandika Nyamira, ya barabara ya kwenda kwenye kituo cha kununulia majani ya chai. Abuga alikuwa kwenye foleni na gunia lake. Alinisalimia kama kawaida. Alingoja mpaka chai yake ikapimwa, akanivuta kando, karibu na ua.

"Tangu Jumapili namtafutia Ogeto utetezi," alisema. "Nachuma chai nikibishana peke yangu, mama watoto ananiuliza kama nina homa. Naanza vizuri. Ngome, watoto, kuzingirwa. Nikifika kwa wale watu wakitazama lango..." Akaacha. Alikung'uta jani lililokuwa limenasa kwenye sweta yake. "Kemunto kwa kichwa kile angefaa kuwa wakili."

Nikasema ndiyo.

"Baba yake angenisamehe."

Nikasema ndiyo, angesema upepo.

"Huyu hakunisamehe," akasema. Momanyi, alisema kwa sauti ya mtu anayeonyesha wageni ndama wake. "Kanitazama hapa, machoni, kaninyang'anya mtu wangu wa miaka yote hiyo. Na alikuwa ananiogopa. Niliona anavyoniogopa. Sasa hebu niambie, huo ni mchezo wa watoto?"

Halafu akanipa ujumbe, na nilimfanya aurudie ili niupeleke bila kukosea. "Mwambie asimlegeze Ogeto kwa sababu yangu. Namjua yule mtu, nimemtengeneza mwenyewe. Hatukani, hajawahi kutukana. Anakaribisha, anauliza watoto, anaomba samahani kwa usumbufu. Yale mambo yote ya Kemunto tuliyokuwa tukiyacheka, Ogeto ndiye mwenyewe. Mwambie amwache aseme hivyo hivyo. Tutakimbia."

Nilimpigia Kemunto nikiwa bado Nyamira. Nikasikia mashine mpya ikitoa karatasi. Kisha akauliza, "Kwa hiyo anakuja?" Nikamwambia anakuja, na ana mhusika mpya, bibi kizee muuza chumvi, mwenye mdomo mchafu kupita kiasi. "Ai, Auntie," akasema, "sasa huyo nitamjibu nini?" Lakini alikuwa anacheka. Alikuwa anacheka kicheko chako, kile cha puani. Ilibidi nikate simu, mtu niliyepaswa kumhoji alikuwa amefika.

Nilikwambia ukiwa karibu na mwisho wako kwamba sitakuandikia, kwamba mimi huandika kwa wanaosoma. Basi. Umeniona.

Unachotaka kujua ni kama meza itasimama. Mahindi yatavunwa na itasimama. Abuga hakutuacha, Salim ameagiza stuli za kutosha, na binti yako amefanya jambo ambalo wewe hukuwahi kulithubutu. Nimeona nikueleze hilo waziwazi, rafiki yangu, kuliko ulisikie kwa majirani. Lala vizuri. Mimi nakuahidi mambo mawili: sitamwomba Kemunto huruma hata siku moja, hata ikiwa zamu yangu, na nikija Birongo nitakuletea matokeo kamili, nani amekufa, mikononi mwa nani, na kwa sababu gani.

Kikao ni Jumapili hii, saa nane mchana. Kemunto amesema hatamngoja mtu. Atakayechelewa atakuta Ogeto amekwisha kuanza.

Ripota